Burj Khalifa: chumvi chini, joto juu

Ukitaja ghorofa refu la jangwani, wengi huwaza jua na mchanga. Lakini Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828 na iliyofunguliwa Januari 2010, ilianza kuwaumiza wahandisi vichwa kwa sababu ya maji. Maji ya ardhini pale yana chumvi kali kuliko ya bahari. Kloridi, kemikali iliyomo kwenye chumvi hiyo, hupenya zege mpaka kwenye nondo, nondo zikashika kutu, na kutu inapovimba hulipasua zege kutoka ndani. Anayejengea mchanga wa baharini huku pwani kwetu atakumbana na balaa hilohilo, hata kwa kibanda cha vyumba viwili.

Jengo limebebwa na nguzo 192 za zege, kila moja ina kipenyo cha mita 1.5 na imezama ardhini takriban mita 50. Mwamba wa hapo ni laini, kwa hiyo uzito hubebwa zaidi na msuguano wa ubavu wa nguzo. Juu ya nguzo hizo kuna jamvi, yaani bamba pana la zege la msingi, lenye unene wa mita 3.7. Zege lilichanganywa liwe gumu kupenywa na maji, na chini ya jamvi ukatandazwa wavu wa metali ya titani unaopitisha umeme mdogo ili nondo zisipate kutu. Watalii hupiga picha kilele. Mimi ningewaonyesha wavu huo, kama ungeonekana.

Kisha joto. Saruji ikikutana na maji hutoa joto lake yenyewe, na kiangazi cha Dubai hupita nyuzi 40. Zege likimwagwa mchana wa namna hiyo huanza kukaza mapema, uso hukauka na nyufa hufuata. Kwa hiyo kiangazi lilimwagwa usiku, na sehemu ya maji ya kuchanganyia ikawekwa kama barafu ili kulipoza. Lilipaswa pia kubaki laini hadi pampu zilifikishe zaidi ya mita 600 juu.

Upepo ulishughulikiwa kwa umbo: jengo hupungua upana hatua kwa hatua kadiri linavyopanda, ili upepo usipate mdundo mmoja wa kulitikisa jengo.

Jambo moja huwashangaza hata wanafunzi wetu. Kwenye nchi za baridi, hewa ya moto hupanda ndani ya jengo refu. Dubai ni kinyume: hewa iliyopozwa ni nzito, hushuka kupitia ngazi na mashimo ya lifti, ikatokea milango ya chini, huku juu ikivutwa hewa ya moto yenye unyevu. Njia hiyo isipokatwa kwa milango na vizuizi, viyoyozi hupoza barabara.