Kajukenbo, mtoto wa mashamba ya miwa

Vijana wa karate wanaofika kwenye idara yetu ya historia ya michezo wakiuliza kuhusu Kajukenbo, mtindo wa mapigano kutoka Hawaii, huwa wameshajijibu: si ndiyo mapigano ya kale ya Wahawaii? Siyo. Mapigano ya kale ya Hawaii yaliitwa lua. Mabingwa wake waliondoa nywele za mwilini na kujipaka mafuta ili adui akose pa kushika, na ujuzi wao ulikuwa kutegua viungo na kuvunja mifupa. Kajukenbo imezaliwa juzijuzi tu, na mkunga wake ni muwa.

Katika karne ya 19 maradhi yaliyoletwa na wageni yaliwafyeka wenyeji wa visiwa vya Hawaii, huku mashamba ya miwa yakizidi kutanuka. Wenye mashamba wakaagiza vibarua ng'ambo: Wachina kuanzia 1852, Wajapani kwa mkataba wa serikali mwaka 1885, Wakorea 1903, Wafilipino 1906. Kibarua alivaa kipande cha bati kilichogongwa namba, nacho kikaitwa bango, ambalo kwa Kijapani ni hiyohiyo namba. Nyapara alimwita mtu kwa bati lake, jina akaliacha huko huko alikotoka nalo. Waliokata mkonge Tanganyika hawahitaji kuelezwa zaidi. Manamba nao walipata jina lao vivyo hivyo.

Shambani kila taifa lilikuwa na kambi yake, maana wakikaa pamoja wangegoma pamoja. Mjini Honolulu haikuwezekana. Katika mtaa wa Palama, uliokuwa wa watu wa hali ya chini, wajukuu wa vibarua hao walicheza pamoja na kupigana pamoja, visu vikiwemo. Hapo, kwenye kituo cha jamii cha Palama Settlement, vijana watano walianza mwaka 1947 kukutana faraghani. Peter Choo alikuja na karate ya Kikorea, Joe Holck na Frank Ordonez na judo na jujutsu, Clarence Chang na ngumi za Kichina. Adriano Emperado, mwenye damu ya Kifilipino na Kihawaii, alikuja na kenpo, mtindo wa mapigo ya mikono na miguu, aliyofundishwa na William Chow. Unganisha vipande: ka ya karate, ju ya judo na jujutsu, ken ya kenpo, bo ya boxing, yaani zile ngumi za Kichina.

Hawakukaa kuandika kanuni. Walipigana. Mtu wa judo alipomsogelea mpiga mateke, alikula teke la mbavu kabla hajashika kitu. Akishashika, mpiga mateke alikuwa anakwenda chini tu. Kila palipovuja, mwenzake mmoja alikuwa na cha kuzibia. Ndiyo maana mpaka leo pigo la Kajukenbo haliji peke yake: ngumi inakwepwa, kiganja kinaingia usoni, mtama unafuata, na adui akishalala bado hajaachwa. Karateka wa mashindano akiona haya hushtuka, kwa kuwa amezoea mwamuzi atakayesema basi. Palama hapakuwa na mwamuzi.

Vita vya Korea vilipoanza 1950, wenzake walichukuliwa na jeshi, Emperado akabaki akifundisha na mdogo wake, Joe. Mazoezi yao yalisifika kwa ukali, watu wakitoka na mifupa iliyovunjika. Joe mwenyewe aliuawa kwa kisu katika ugomvi wa baa mwaka 1958. Wanafunzi wa Emperado ndio walioivusha sanaa hiyo hadi California, na huko ikazaa matawi, likiwemo lile la Al Dacascos la mwaka 1969, Wun Hop Kuen Do.

Kama kijana anataka mchanganyiko wa Kimarekani unaojitangaza wenyewe kuwa na mizizi ya Polynesia, yaani visiwa vya Pasifiki kama Hawaii na Samoa, tunamwelekeza kwenye Lima Lama, iliyoanzishwa na Msamoa Tino Tuiolosega kusini mwa California katika miaka ya 1960. Kwa Kisamoa, lima ni mkono. Jembe halihusiki.