"Fundi, betri imekwisha": wanayoyakosea watu kuhusu picha zinazobadilika

Wiki haipiti bila simu ya namna hii: "Fundi, ile picha imeacha kubadilika, nadhani betri imekwisha." Hakuna betri. Haijawahi kuwapo, na hata mahali pa kuiweka hapana.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba picha ndiyo inayofanya kazi, na mwenye nyumba kazi yake ni kukaa kwenye sofa aitazame. Picha imetulia tuli ukutani. Wa kuhama ni wewe. Ninachofanya karakanani kwangu Kinondoni ni kuchukua picha mbili, kuzikata vipande vyembamba vya wima, kisha kubandika kimoja cha hii na kimoja cha ile juu ya manila ngumu iliyokunjwa migongo migongo kama bati. Nyuso zinazotazama kushoto zinabeba picha ya kwanza, zinazotazama kulia zinabeba ya pili. Ukisimama katikati unaziona zote mbili zimevurugana. Wengi wanaishia hapo hapo, halafu wanasema haieleweki.

Sasa hesabu. Mgongo naukunja nyuzi 90, kwa hiyo kila uso unakaa nyuzi 45 na ukuta. Ili picha moja ijifiche kabisa, lazima na wewe uwe nyuzi 45 kando. Ukiwa mita 3 kutoka ukutani, hizo ni mita 3 za kusogea kushoto au kulia. Nani anasogea mita 3 huku anaangalia taarifa ya habari? Mteja mmoja wa Upanga aliitundika mkabala na sofa, ikabanwa na makabati huku na huku, akataka nimrudishie hela. Nikaihamishia koridoni, ambako mtu anapita mita 1 tu kutoka ukutani. Pale hatua tatu nne zinatosha picha ya kwanza imezwe na ya pili. Tena kwa kuwa uko karibu, mabadiliko hayaji kwa mpigo: yanaanzia ukingo mmoja wa fremu na kutambaa mpaka wa pili. Hilo la hela hakulitaja tena.

Kwa hiyo korido, ngazi, au ukuta wa kuingilia mlangoni. Siku hizi nauliza itatundikwa wapi kabla sijataja bei, na wanaoona ninajidai basi wanunue saa ya ukutani.

"Nitumie WhatsApp niione kwanza." Picha ya simu ina pembe moja. Ya video utaona nilivyotembea mimi.

"Haya ni mambo ya kompyuta ya juzi juzi." Le Mouvement, maonyesho ya sanaa ya mwendo, yalifanyika Paris mwaka 1955, kwenye jumba la sanaa la Denise René, na wasanii kina Soto na Agam walikuwamo. Msanii Carlos Cruz-Diez wa Venezuela alianza kazi zake za Physichromie mwaka 1959, vipande vyembamba vya rangi vimesimamishwa kwa mkono kimoja kimoja. Na mchoraji Holbein alichora fuvu la mtu lililovutwa hadi halitambuliki, mwaka 1533. Ukilitazama ukiwa pembeni kabisa mwa picha, linakaa sawa.

Ukidhani bado pana kiinimacho, tafuta dirisha lenye nyavu mbili za mbu zilizoachana kidogo, upite ukilitazama. Yale mawimbi yanayocheza hayamo kwenye wavu wowote kati ya hizo mbili. Yanatokana na nyuzi za mbele kupishana na za nyuma kila unapohama. Soto alitundika fito nyembamba mbele ya ubao wa mistari, akapata mtetemo wa namna hiyo hiyo.

"Inaharibu macho." Haiharibu. Ila mwenye kipandauso, au kifafa kinachochochewa na mwanga au mistari mikali, asitundike michoro ya mistari myeusi na myeupe chumbani kwake. Hapo sibishani.

La mwisho ni wanaotaka kuifunika kwa kioo. Najua unyevu wa pwani unavimbisha manila, na ndiyo maana kazi kubwa nazifanya kwa plastiki. Lakini kazi hii inatazamwa kwa kando, na kwa kando kioo kinarudisha mwanga wa dirisha machoni mwako. Ukipeleka kwa mtu wa fremu akakiweka kikigusa migongo, itabonyea, na iliyobonyea hainyooki. Nitakutengenezea nyingine, kwa bei ile ile.