Uongo Njoo, Utamu Kolea: Dhana Potofu Kuhusu Riwaya za Kijasusi

Muulize Mtanzania wa umri fulani ni nani aliyemfanya apende kusoma, na mara nyingi hatakitaja kitabu cha darasani. Atamtaja Willy Gamba, au Joram Kiango, au Bwana Msa na kiko chake, mashujaa wa riwaya za Kiswahili za ujasusi na upelelezi. Kisha, kabla hujamuuliza lolote zaidi, ataanza kujitetea: ah, zilikuwa enzi za ujana, vitabu vya kupitishia muda tu. Nimesikia utetezi huo kwa watu wengi ninaowaheshimu, na kila mara hunisikitisha, kwa sababu unatokana na mambo ambayo si kweli.

"Mambo hayo hayawezi kutokea"

Hii ndiyo lawama kubwa kuliko zote. Jasusi mmoja, bastola moja, jiji la kigeni, na upande wa pili jeshi zima la maadui wenye fedha na mitambo. Risasi zinamkosakosa, anatoka salama, anawahi ndege. Msomaji makini anatikisa kichwa na kusema kisa hakina kichwa wala miguu.

Basi tuitazame Dar es Salaam yenyewe ya miaka ya 1960. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka hapo makao ya Kamati ya Ukombozi. Vyama vya wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) vilifungua ofisi mjini. Palipo na ofisi kama hizo pana wajumbe, silaha zinazopita, fedha, nyaraka za siri na watu wanaolipwa kuziiba. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alifungua kifurushi cha kitabu kilichotumwa kwa posta, bomu likalipuka na kumuua papo hapo. Bomu ndani ya kitabu! Mwandishi wa riwaya akikuletea kisa hicho utasema amezidisha chumvi.

Au mfikirie Mwargentina aliyeingia Dar es Salaam Aprili 1965 akiwa amenyoa ndevu, amevaa miwani, na pasi yenye jina lisilo lake. Akaenda mpaka Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika usiku, akaingia Kongo kuwasaidia waasi wa Simba. Wakuba aliokuwa nao walipewa majina ya Kiswahili ya kuhesabu, na yeye akaitwa Tatu. Alikuwa Che Guevara. Kongo hiyohiyo upande wa serikali walikuwepo mamluki wa kizungu wakiongozwa na Mike Hoare. Miaka 16 baadaye, Novemba 1981, Hoare huyohuyo alitua Ushelisheli na kundi la mamluki waliojifanya chama cha wanywaji bia wanaopeleka zawadi kwa watoto yatima. Bunduki zilikuwa chini ya mabegi, zimefunikwa na vitu vya kuchezea. Afisa wa forodha akaiona bunduki ndani ya begi moja, mapigano yakazuka palepale uwanjani, na mamluki wakateka ndege ya Air India iliyowatorosha hadi Durban.

Sasa kisome tena Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka 1974. Nyaraka za siri za harakati za ukombozi zimeibwa, Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuatilia. Ukiwa umeyajua hayo ya juu, kitu cha kushangaza kinakuwa jinsi kisa kilivyokaa karibu na habari za siku zile. Chumvi ipo, tena nyingi: mtu mmoja hawezi kuyafanya yote yale na kubaki hai. Lakini uwanja anaochezea ni wa kweli, hofu ni ya kweli, na adui alikuwa wa kweli.

"Msomaji wake huyaamini yote"

Wanaosema hivi wamesahau hadithi zetu huanzaje. Bibi anasema "Hadithi, hadithi!" na watoto wanajibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Wanauita uongo kwa sauti, waziwazi, kabla kisa hakijaanza. Hakuna mtoto aliyetoka hapo akiamini kwamba sungura aliongea na fisi. Alitoka amejua ujanja ni nini, na uroho huishia wapi.

Msomaji wa riwaya za kijasusi anaingia kwa mkataba uleule. Anajua Willy hatakufa ukurasa wa 60. Raha yake ni kuona atatokaje safari hii, na mwandishi atalilipaje deni alilojiwekea alipomfungia shujaa wake katika chumba kisicho na dirisha. Ni raha ya mtazamaji aliye macho, anayepima kila hatua, na akidanganywa vibaya hukasirika na kukitupa kitabu. Msomaji wa aina hiyo ni mkali kuliko wengi wanavyodhani.

"Ni vitabu vya kuiga Wazungu"

Kuiga kupo, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpa Bwana Msa kiko cha Sherlock Holmes, mpelelezi maarufu wa hadithi za Kiingereza, akampa na rafiki wa kumfuata na kustaajabu, Najum, kama Holmes alivyokuwa na Watson. Willy Gamba naye ana hoteli nzuri, magari ya kasi na wanawake warembo, na kila mtu anajua mtindo huo ulitoka kwa majasusi wa Uingereza.

Ila tazama nani anamtuma nani, kupigana na nani. Katika riwaya za kale za vituko zilizotoka Ulaya na Marekani, Afrika ilikuwa pori lenye hazina, na Mwafrika alikuwa mbeba mizigo au mtu wa kutishwa. Edgar Rice Burroughs alimleta Tarzan mwaka 1912 bila yeye kukanyaga Afrika hata siku moja. Wasomaji wa Kiswahili walipata vituko vya aina hiyo kwa lugha yao tangu enzi za mkoloni, pale Frederick Johnson alipotafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wakasoma, wakafurahia, na shujaa kila mara alikuwa mgeni.

Musiba alikipindua kibao. Mwafrika ndiye anayepanda ndege, anayeagiza kinywaji, anayevunja kufuli. Kaburu na mamluki ndio wanaowindwa. Katika Kikosi cha Kisasi anawapeleka Kinshasa wapelelezi wa nchi kadhaa za Afrika, wakifanya kazi pamoja, jambo ambalo viongozi wengi walikuwa wakilihutubia bila kulifikia. Ben Mtobwa naye, katika Tutarudi na Roho Zetu?, akampeleka Joram Kiango hadi Afrika Kusini kwenyewe, ndani ya ngome ya ubaguzi, miaka ya 1980 ambapo Nelson Mandela alikuwa bado kifungoni. Kwa kijana wa Tabora au Mombasa aliyesikia vita vya ukombozi redioni tu, kurasa zile zilikuwa ushindi alioweza kuushika mkononi. Siwezi kuuita huo uigaji.

"Vinaharibu lugha na akili"

Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Abdulla chenye Bwana Msa, kilishinda shindano la uandishi wa Kiswahili la 1957-58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, kikachapishwa 1960. Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye misemo, mizaha na adabu za mazungumzo ambazo leo mtu angehitaji mwalimu azipate. Na hoja yake ni nzito: mtu ameuawa, watu wanasingizia mzimu, Bwana Msa anakataa na kutafuta mkono wa binadamu. Huo ni utetezi wa akili ndani ya kitabu cha kuburudisha.

Wahakiki wetu wana maneno mawili, riwaya pendwa (za kuburudisha) na riwaya dhati (zinazohesabiwa kuwa fasihi nzito), na wengi huyatumia kama ukuta. Ukuta huo haukuwepo kwa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze liwali mwadilifu anagunduliwa akiwachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Kuna majini, kuna hazina, kuna mji uliogeuka mawe. Tunakifundisha kama fasihi, na tunafanya vyema. Basi tusimcheke anayependa vituko mahali pengine.

"Ni rahisi kuviandika"

Jaribu. Lester Dent, Mmarekani aliyeandika mamia ya hadithi kwa ajili ya majarida ya karatasi duni ya miaka ya 1930, aliacha mwongozo wake: hadithi ya maneno 6,000 igawe mara nne, kila sehemu imtupe shujaa kwenye balaa kubwa zaidi ya lile lililopita. Ukifuata mwongozo huo ndipo utakapogundua ugumu, kwa sababu kila balaa lazima lizaliwe na lile lililotangulia. Dashiell Hammett, aliyekulia katika majarida hayohayo, alikuwa amewahi kuwa mpelelezi wa kulipwa wa shirika la Pinkerton, na ujuzi ule unaonekana katika kila mstari wake mkavu.

"Ukivipenda huwezi kuvikosoa"

Hapa niseme wazi. Wanawake wengi katika riwaya hizi wameumbwa kuwa chambo au pambo. Wanatokea, wanasifiwa maumbile, wanasaliti au wanauawa. Nuru wa Mtobwa amepewa nafasi zaidi, anashiriki hatari na Joram na ana akili yake mwenyewe, lakini yeye ni mmoja kati ya wengi waliotumika vibaya. Kuna pia mapenzi ya kupindukia kwa mtu wa dola mwenye ruhusa ya kuua bila kuulizwa. Mimi nazipenda riwaya hizi na hayo mawili yananikera, na sioni haja ya kuchagua kimoja. Mpenzi wa mpira huzomea timu yake mwenyewe, na Jumapili inayofuata yuko uwanjani.

"Zama zake zimekwisha"

Vitabu vya zamani ni adimu, hilo ni kweli. Vingi vilichapwa kwenye karatasi duni, vikaazimwa mpaka jalada likang'oka, na kurasa za mwisho zikapotea, jambo linaloumiza kuliko yote kwa kitabu cha upelelezi. Lakini kiu haikuondoka. Ilihamia kwenye magazeti ya Dar es Salaam, ambako Eric Shigongo aliwafanya watu wasubiri toleo la wiki ijayo kwa hadithi zenye majina ya kushtua kama Rais Anampenda Mke Wangu. Hussein Tuwa ameendelea na kijiti kwa riwaya kama Mkimbizi, zenye mbio na mafumbo ya kisasa. Na kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp, hadithi za mwendelezo hutumwa sehemu kwa sehemu, na wasomaji humkaba mwandishi akichelewa siku moja.

Kwa anayetaka kuanza, ningemwambia asiende kwa mpangilio wa miaka. Aanze na Kufa na Kupona, akisome siku moja kama kilivyokusudiwa kusomwa, na awe amejua habari ya Mondlane kwanza. Kisha arudi nyuma kwa Bwana Msa, polepole, kwa ajili ya lugha. Mtobwa amwache mpaka wa tatu, maana Dar es Salaam Usiku ni giza jingine, la umaskini na ukahaba na mapenzi mjini, na humfaa zaidi msomaji ambaye tayari ameonja utamu wa mbio na sasa yuko tayari kusimama kidogo aangalie mji wenyewe.