Je, wajua kwa nini bakteria wa kimeta ni ndugu wa bakteria wa kiporo?

Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Aliyewaua ni bakteria aitwaye Bacillus anthracis, ambaye ndugu yake wa karibu mno, Bacillus cereus, ndiye humtapisha mtu saa chache baada ya kula kiporo cha wali kilicholala mezani. Iweje ukoo mmoja uzae maradhi yasiyofanana hata kidogo?

Wataalamu huainisha bakteria kwa umbo, kwa vinasaba, na kwa namna ukuta wa seli unavyoshika rangi katika kipimo alichobuni Hans Christian Gram wa Denmark mwaka 1884. Kwa sifa hizo ndugu hawa hufanana sana: ni vijiti, hubaki na rangi ya zambarau kwa kuwa ukuta wao ni mnene, tena wote hutengeneza spora, yaani chembe zenye gamba gumu ambamo bakteria hulala hadi hali ya kumfaa irudi, na kwangu mimi spora ndiyo sifa yenye uzito kuliko zote. Spora za wali hustahimili mchemko wa sufuria, zikaamka chakula kinapopoa polepole, na sumu ya kutapisha ikishaingia katika wali haiondoki hata ukipashwa moto tena. Za kimeta hukaa udongoni kwa miongo ya miaka, na hutengenezwa pale damu ya mzoga inapokutana na hewa. Ndiyo sababu maafisa wa mifugo hukataza kabisa kumchuna ng'ombe aliyekufa ghafla huku akitokwa puani na damu isiyoganda.

Tofauti yao imo katika plazimidi, yaani vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu. Bakteria wa kimeta anavyo viwili: kimoja huelekeza utengenezaji wa sumu, kingine ganda linalomkinga dhidi ya chembe nyeupe za damu. Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, sokwe wamekufa kwa ugonjwa kama kimeta uliosababishwa na aina ya Bacillus cereus yenye plazimidi kama hizo. Kwa kromosomu peke yake, wawili hawa wangeweza kuhesabiwa spishi moja. Ni ugonjwa uliowafanya wapewe majina mawili, na naona ni haki, kwa sababu daktari anayesoma majibu ya maabara anahitaji kujua hatari iliyo mbele yake. Chanjo ya kimeta inayotumika zaidi duniani kwa mifugo nayo hutokana na bakteria aliyepoteza plazimidi ya ganda: bado hutoa sumu ya kuuzindua mwili wa ng'ombe ujenge kinga, lakini hana tena ngao ya kumwezesha kuenea mwilini.