Je, wajua kwa nini kanisa la Urusi lina picha za Kiholanzi ukutani?

Ukiingia Kanisa la Nabii Eliya mjini Yaroslavl, kando ya mto Volga, macho hayajui yatue wapi. Kuta zimejaa watu hadi juu kwenye kuba: manabii, wafalme, farasi, meli, majengo. Halafu, katikati ya utakatifu wote huo, unakuta shamba la ngano. Wavunaji wenye mashati ya rangi wameinama, mundu mkononi, kama watu wanaowahi mvua.

Ni kisa cha mwanamke Mshunami katika kitabu cha Pili cha Wafalme. Mwanawe alimfuata baba yake shambani, akalia "Kichwa changu!", akafa, kisha nabii Elisha akamfufua. Biblia inawataja wavunaji kwa kupita tu. Mchoraji kawaweka mbele, unawaona kabla hujamwona nabii.

Mtindo huo haukutoka kwenye ikona za kale za Kirusi, yaani picha takatifu za ibada, ambazo hazina haja na jasho la mkulima. Ulitoka Amsterdam. Huko, mchapishaji Claes Jansz. Visscher alitoa kitabu kikubwa cha picha za Biblia, zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na kupigwa chapa. Visscher maana yake mvuvi, kwa Kilatini Piscator, ndiyo maana Warusi hukiita Biblia ya Piscator. Chapa ya 1650 ndiyo iliyowafikia zaidi wachoraji wao.

Kilifikaje huko bara? Kwa njia ya biashara. Katika karne ya 17 Urusi haikuwa na bandari kwenye Bahari ya Baltiki, kwa hiyo meli za Waingereza na Waholanzi zilizunguka kaskazini mpaka bandari ya Arkhangelsk. Kutoka hapo mzigo ulishuka kwa mito na barabara kuelekea Moscow, na Yaroslavl ilikuwa kituo njiani. Mji ukanona. Akina Skripin, ndugu waliotajirika kwa biashara, ndio waliolijenga kanisa hili kati ya 1647 na 1650. Picha zilikuja baadaye, mwaka 1680, kwa fedha za mjane wa mmoja wao.

Kazi walipewa Gury Nikitin na Sila Savin, mafundi wa Kostroma, mji mwingine wa Volga, pamoja na kikosi chao. Mafundi wa namna hiyo walifanya kazi majira ya joto, maana lipu hupakwa mbichi na rangi huingia kabla haijakauka. Baridi ya Urusi ingeharibu kila kitu. Fundi mkuu alichora mistari, wengine wakajaza, huyu nyuso, yule nguo, mwingine majani na maua.

Je, walinakili tu? Mimi nasema hapana. Picha za Piscator zilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo, za kushikwa mkononi. Manjano ya ngano ile na rangi za mashati yale ni uamuzi wa watu wa Kostroma. Na ilibidi waitanue picha ya ukurasa mmoja ienee ukutani, isomwe na mtu asiyejua kusoma, aliyesimama chini akiinua shingo.

Kanisa limepita mengi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Kisovieti ililigeuza makumbusho ya kupinga dini, ikaning'iniza pendulamu, uzito unaobembea kwenye waya mrefu, ndani yake kuonyesha jinsi dunia inavyozunguka. Manabii wakabaki ukutani wakiitazama. Baadaye kanisa lilitunzwa na makumbusho ya Yaroslavl, na kitovu cha Yaroslavl kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2005.

Ukipanga safari, nenda majira ya joto. Jengo kuu halina mfumo wa kupasha joto, hivyo hufungwa wakati wa baridi, na hata siku za mvua unaweza kukuta mlango umefungwa: unyevu wa pumzi na makoti ya wageni ni adui wa rangi zile.