Je, wajua kwa nini bei nzuri ya mafuta haikuiongezea Sudan Kusini mauzo?

Januari 2012 pipa la mafuta ghafi liliuzwa kwa zaidi ya dola 100 kwenye soko la dunia. Mwezi huohuo Sudan Kusini, taifa lenye umri wa miezi sita tu, lilianza kufunga visima vyake, ingawa karibu mapato yote ya serikali yalitoka humo.

Visima viko kusini, lakini bomba linapita Sudan hadi Port Sudan kwenye Bahari ya Shamu. Nchi hizo mbili hazikuwa zimeafikiana ada ya kupitisha mafuta. Khartoum ikaanza kujichukulia sehemu yake yenyewe, Juba ikaamua ni heri yabaki ardhini. Yalianza kutoka tena mwaka 2013.

Kwa kawaida bei ikipanda, muuzaji huongeza mzigo. Lakini kisima hugharimiwa kwa mtaji wa miaka mingi, na mwenye mtaji huuliza pia kama mkataba utaheshimiwa na mitambo itasalimika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Sudan Kusini Desemba 2013, bei ikiwa bado juu ya dola 100, visima vya jimbo la Unity vilisimama.

Bei iliposhuka, machungu hayakuchelewa. Makubaliano ya Septemba 2012 yaliitaka Juba iilipe Sudan takriban dola 25 kwa kila pipa, kiwango kisichobadilika. Pipa likiwa dola 100, hiyo ni robo. Mwanzoni mwa 2016 bei ilianguka chini ya dola 30, na mafuta ya Sudan Kusini, kwa kuwa ni mazito, huuzwa kwa punguzo. Kilichobaki kilikuwa karibu na bure. Kwangu mimi, kiwango kile kilikuwa hatari tangu siku kiliposainiwa. Sudan ilikubali kukilegeza mwaka huo wa 2016. Hata hivyo mafuta yaliendelea kusukumwa, kwa sababu serikali iliyo vitani haikuwa na chanzo kingine cha maana cha dola.

Si kila bidhaa huenda hivyo. Katika machimbo ya kobalti (madini ya kutengenezea betri) ya kusini mwa Kongo, wachimbaji wadogo hufurika bei ikipanda na hutawanyika ikishuka. Wao wanafanya kazi kwa sururu na koleo, hawangoji bomba wala mkopo wa benki.