Mtoto amepona, lakini ni dawa iliyomponya?

Wiki iliyopita mama mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, alinisimamisha kwenye korido. "Daktari, mbona hamumpi mwanangu antibayotiki?" Mimi ni mtu wa maabara, ila ukivaa koti jeupe wote mnaitwa daktari. Nyumbani alishampa flajili ya dukani. Mtoto wake wa kwanza aliinywa, akapona siku ya tatu.

Hapo ndipo penye mtego. Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na huisha kwenyewe. Angempa chai ya rangi, leo angeisifu chai.

Mtego huohuo humnasa anayejaribu antibayotiki mpya ya wigo mpana, yaani inayoua bakteria wa aina nyingi. Maabara ndiko kwepesi. Unaotesha Shigela, bakteria wa kuhara damu, kutoka kwenye choo cha mtoto, unaipaka kwenye sahani ya agari, ute mgumu wa kuoteshea bakteria, unaweka kijikaratasi chenye dawa, unaiacha usiku kucha kwenye nyuzi joto 35. Asubuhi sahani nzima ina utando wa bakteria, isipokuwa duara safi kuzunguka karatasi. Unashika rula, unahesabu milimita. Duara likiwa pana nafurahi, sifichi. Lakini sahani haina utumbo, wala bakteria wema ambao dawa ya namna hii huwafyeka pamoja na wabaya.

Kwa hiyo hupimwa kwa watu wazima kwanza, kisha kwa watoto ambao wazazi wao wameridhia. Kura huamua nani apate dawa na nani apate dawa tupu, inayofanana nayo ila haina dawa ndani. ORS na zinki hupewa wote. Mwenye choo cha damu hawekwi kwenye dawa tupu. Huyo ana tiba inayojulikana, na dawa mpya inashindanishwa nayo.

"Yaani wangu apewe maji matupu?" Swali la haki. Nikamweleza kuhusu watoto zaidi ya 8,000 wa nchi saba, Tanzania ikiwemo, waliokuwa wakihara maji huku wamekaukiwa au wana utapiamlo. Nusu walipewa antibayotiki ya azithromycin, nusu dawa tupu. Matokeo yalitoka 2021: haikuthibitika kupunguza vifo ndani ya siku 180.

Alinyamaza kidogo, akafungua pindo la kanga, akatoa chupa ya flajili iliyofika nusu. "Sasa hii niifanyeje?" Nikaipokea. Akarudi kwenye kikombe chake cha ORS, kijiko baada ya kijiko.